Viatu vya kiume mlangoni, na kodi ya miezi minane

Jumamosi ya kwanza ya Machi, mama mmoja wa Marangu alishuka Moshi mjini na daladala ya asubuhi. Alibeba mkungu wa mshare na maziwa kwenye dumu la lita tatu. Hakuwa amemwona binti yake tangu Krismasi, na kila akipiga simu aliambiwa masomo yamebana. Akaona aende bila kuaga. Mzazi hahitaji kuomba nafasi ya kupeleka ndizi.

Nyumba iko Rau. Binti yake, anayesoma chuo, alikuwa amepanga hapo na wenzake wawili tangu Novemba. Aliyefungua mlango alikuwa mmoja wa hao wawili, yule wa Machame. "Shikamoo mama," alisema, macho akayapeleka chini. Hapo chini, pembeni ya ndala za kike jozi mbili, palikuwa na viatu vya kiume vikubwa, vimekaa kama vya mwenyeji.

Sebuleni televisheni ilikuwa inawaka na kijana mmoja amejinyoosha kwenye kochi kavaa bukta. Aliinuka akasalimia vizuri, kwa heshima, hilo lisemwe. Binti hakuwepo. "Ametoka kidogo mama, atarudi." Mama akaomba aingize ndizi chumbani kwa mwanawe. Kitandani hapakuwa na godoro. Palikuwa na chaga tu, na beseni tupu juu yake.

Mtu aliyetoka kidogo hatoki na godoro. Mama alikaa kwenye zile chaga, akapiga simu, akasema maneno mawili: "Niko Rau."

Binti alifika baada ya saa nzima, kwa bodaboda, akitokea Soweto. Siku 16 alikuwa analala chini kwa mwanafunzi mwenzake. Yule kijana ni mpenzi wa wa Machame. Alikuja mwanzoni mwa Februari kama mgeni wa wikiendi, akaleta begi, kisha akaleta pasi yake. Hakumgusa mtu wala hakumtukana mtu. Ila sebule ikawa yake, usiku watu wanapita na khanga mbele yake, na bafu la nyumba hiyo ni moja.

"Komeo la bafuni limeharibika, mama," binti alisema. "Mara mbili amefungua nikiwa ndani. Anasema hakujua kama kuna mtu."

Mama hakuuliza zaidi kuhusu hilo. Aliuliza jambo lingine, ambalo wazazi wengi wangeuliza kwa sauti ya juu zaidi: kwa nini hukuniambia?

"Nilimkumbuka mtamba."

Hapa inabidi kurudi nyuma hadi Oktoba. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa. Wasichana watatu waliosoma sekondari moja wakaamua kupanga pamoja: wawili wanachuo, mmoja wa Marangu na mmoja wa Same, na wa tatu huyu wa Machame, ambaye tayari ana kazi katika duka la dawa. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa 270,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba, kama walivyo wengi wa Moshi na Tanzania kwa jumla, alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Hiyo ni 3,240,000. Kila msichana 1,080,000, na juu yake 90,000 ya dalali, maana dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja na hulipwa na mpangaji.

Kule Marangu hela ya namna hiyo haikai kwenye pochi. Kahawa ilikuwa imeshauzwa na imeshaliwa. Mama alichota akiba yake ya kikoba, haikutosha, akamuuza mtamba aliyekuwa karibu kupandishwa. Anayefuga zizini, anayekata majani kila siku ya Mungu na kuyabeba kichwani, anajua mtamba ni nini. Ni maziwa ya miaka inayokuja. Binti alikuwepo siku ng'ombe anaondoka. Ndiyo maana alipokosa pa kulala alinyamaza.

Kuna na lingine, na hili mama mwenyewe ndiye anayelisimulia. Siku ya kusaini mkataba, binti alipiga simu kuuliza kama na yeye aandike jina lake. Mama akamkataza. Jirani yake mmoja aliwahi kumdhamini mtu mkopo akaishia kuuziwa vitu vya ndani, na tangu hapo mama huyu anaogopa kalamu kuliko nyoka. "Mwache mwenye kazi asaini. Wewe toa hela yako, jina weka pembeni." Alidhani anamkinga mwanawe. Mkataba ukasainiwa na wa Machame peke yake.

Jumamosi ile ile mchana mama na binti walikwenda kwa mwenye nyumba, ambaye anakaa nyumba ya mbele. Ni mama mtu mzima, mstaafu, mjane. Aliwakaribisha, akawapa chai, akaenda kuleta faili. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, wa kununua kwenye duka la steshenari, zile fomu za kujaza majina na tarehe. Mpangaji ni mmoja. Muda ni miezi 12. Kodi ikishalipwa hairudishwi. Anayetaka kuondoka atoe notisi ya miezi mitatu. Nyumba ikaliwe na watu wasiozidi watatu.

"Mama, huyu binti namjua kwa sura na ana adabu," mwenye nyumba alisema. "Ila kwenye karatasi simjui."

Na ile hela? Imeshageuka bati. Ukitazama juu unaziona, bado zinang'aa. Ni rahisi kuwasema vibaya wenye nyumba wanaochukua kodi ya mwaka, lakini mstaafu huyu hana mshahara mwingine, na nyumba ikivuja hana wa kumwambia. Kwao Nairobi, mpangaji hutoa dipoziti na kulipa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo akiamua kuhama anachohatarisha ni dipoziti. Hapa kwetu anayehama mapema anaacha nyuma miezi. Zamani ilikuwepo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba; ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano, na kwenye mapatano aliye na nyumba ndiye mwenye sauti.

Wengi wanaamini ukitoa notisi ya mwezi mmoja umemaliza. Sivyo. Mkataba usiotaja muda wake ndio unaoweza kukatishwa kwa notisi, inayolingana na kipindi cha kulipa kodi: anayelipa kwa mwezi hutoa mwezi. Lakini ukishasaini miezi 12, umeahidi miezi 12. Kutoka kabla ya hapo kunategemea kilichoandikwa, au huruma ya mwenzako, au kumpata mtu wa kushika nafasi yako.

Mwenye nyumba alikuwa na huruma, ila ya aina yake. Alisema kuwa kumweka mwanamume ndani ni kuvunja mkataba, watu wamekuwa wanne. "Nikiamua naweza kuwapa notisi wote watoke."

Hebu fikiria ukiwa wewe mzazi. Una hasira, mwanao amelala sakafuni siku 16, na mtu anakupa fimbo. Mama alikiri baadaye kwamba kwa dakika kadhaa aliitaka ile fimbo. Kisha akamkumbuka yule wa Same, ambaye siku zote hizo alikuwa akijifungia chumbani na kusoma, hana pa kwenda. Na hata wote wakitolewa, mkataba ukivunjwa kwa kosa la mpangaji, nani kasema hela itarudi? Tena ingerudi kwa aliyesaini.

Akamwomba mwenye nyumba jambo moja dogo: karatasi ya kusema kwamba mtu mwingine akipatikana wa kushika kile chumba, yeye ameridhia. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mpangaji asimwingize mpangaji mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, na inamtaka mwenye nyumba naye asiinyime ridhaa hiyo bila sababu ya msingi. Mwenye nyumba akaandika mistari minne na kusaini.

Jumatatu walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kila ofisi hulifanya, kisha akawatenganishia mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika kichwani mwao. Ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba una njia yake: Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 linasuluhisha tu na halihukumu, na suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ninyi, akawaambia, hamna ugomvi na mwenye nyumba. Mnamdai msichana mwenzenu. Hilo ni deni la mtu na mtu, na likifika mbali linakwenda Mahakama ya Mwanzo.

"Mna ushahidi gani kwamba mlimpa hela?"

Binti akafungua simu. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwepo, mara mbili, 600,000 na 480,000, kwenda namba ya wa Machame, tarehe zote ni za mwisho wa Oktoba. Chini yake, kwenye WhatsApp, yule mwenzake alikuwa ameandika: imefika kodi yako yote, asante mpenzi, na vikopakopa vitatu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akasema watu wanafuta meseji ili simu isijae, na siku moja wanalia. Jina lisilokuwepo kwenye mkataba lilikuwa limepatikana kwenye simu.

Miezi iliyobaki ilikuwa minane, Machi hadi Oktoba. Yaani 720,000.

Binti akaanza kutafuta mtu wa kuchukua chumba. Haikuchukua muda, Moshi ina vyuo na hospitali, na wanaotafuta vyumba ni wengi kuliko vyumba. Kabla ya wiki kuisha alipatikana msichana anayesoma uuguzi, ametoka mbali, mpole. Alikipenda chumba. Alikuwa tayari kulipa kesho yake.

Binti akampigia mama kwa furaha. Mama akauliza: "Umemwambia kuhusu kijana?"

Hakuwa amemwambia.

Hapo ndipo mama na binti walipogombana, kwa mara ya kwanza katika mkasa wote. Binti alisema yeye hakuambiwa na mtu, na kwamba kila mtu atajijua, na kwamba akimwambia hela haipatikani. Alichosema ni kweli tupu. 720,000 ni mtamba na chenji kidogo. Mama hakuwa na jibu la hesabu. Alisema tu kwamba huyo msichana naye ana mama yake mahali fulani, pengine naye kauza kitu.

Binti alikata simu. Kesho yake akamwambia yule muuguzi kila kitu, hadi komeo. Muuguzi akashukuru sana, na hakurudi.

Machi ikawa inakatika. Mama huko Marangu alipiga hesabu: kila siku inayopita ni 3,000. Ndipo alipofanya alichokuwa akikikwepa. Alimpigia simu mama wa yule msichana wa Machame. Hawakuwahi kuonana. Alijitambulisha, akauliza habari za huko, mvua, migomba, akasema kuna jambo la watoto wao, na akalieleza bila kumwita mtu malaya. Hilo lilimgharimu. Upande wa pili ulikimya kwa muda, kisha sauti ikasema: "Dada, nipe siku tatu."

Yaliyotokea katika siku hizo tatu hayajulikani yote. Kinachojulikana ni kwamba viatu viliondoka mlangoni. Wa Same alituma picha ya kizingiti kitupu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama wa Machame alifika Marangu na binti yake. Alikuwa amebeba jani la sale. Walio nje ya uchagani huenda wasielewe uzito wake: sale hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi, na anayekuja nalo mkononi amekuja kuomba msamaha. Kwa mila, hafukuzwi. Wapo wazee wanaosema mambo ya damu yamewahi kumalizwa na jani hilo. Siku hizi vijana wengi wanaliona ua la uzio tu, lakini yule wa Machame alipopiga magoti nalo alikuwa analia kweli. Alisema hakujua kama mwenzake aliondoka kwa sababu ya kijana. Alidhani ni mambo ya mitihani. Labda ni kweli. Mtu akipenda haoni godoro likitoka.

Mama wa Marangu alilipokea sale, akamwinua mtoto, akamkumbatia. Wakanywa mtori. Walipomaliza, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku na kalamu.

Wageni walitazamana. Kuna wanaodhani ukishasamehe hudai, na kwamba kuandika deni baada ya sale ni kama kulirudisha. Mama hakuona hivyo. Alisema moyo wake umekwisha safi, na sasa waongee kuhusu kodi.

Swali la kwanza lilitoka kwa mama wa Machame, na lilikuwa la haki: kijana ameondoka, kwa nini binti asirudi tu Rau, na kila kitu kiishe? Wote wakamgeukia binti. Alijibu kwa upole kwamba hana kinyongo, ila hatarudi. Hakueleza. Mama yake, ambaye kwa hesabu za mfukoni alitamani arudi, hakumsukuma. Ukweli ni kwamba ile nyumba ilikuwa ingali imelipiwa, na kurudi kungeokoa kila shilingi. Lakini msichana aliyefunguliwa mlango wa bafu mara mbili haoneshwi hesabu.

Basi wakaandika. Kodi ya Machi, 90,000, ataibeba wa Machame mwenyewe, kwa kuwa mgeni alikuwa wake. Ataimaliza kabla ya Julai. Miezi saba iliyobaki, Aprili hadi Oktoba, ni 630,000. Mpangaji mpya akipatikana, hela yake itakwenda moja kwa moja kwa mama wa Marangu. Akiondoka njiani au asipolipa, wa Machame na binti watagawana hasara nusu kwa nusu. Hapo mama wa Machame alibishana kidogo na akapunguziwa. Mwanzoni ilitakiwa yote ibebwe na mwanawe. Wakasaini wanne, na wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa mtaa wa Rau akagonga muhuri.

Mpangaji alipatikana. Ni mwalimu wa shule ya awali, hana uwezo wa kulipa zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Aliambiwa yote, na kwa kuwa sasa viatu havipo, alikubali kwa sharti kwamba komeo litengenezwe. Mama wa Marangu alisikia hilo sharti kwenye simu. Jumamosi alishuka tena, akapita duka la vifaa karibu na soko la Mbuyuni, akanunua komeo la chuma, akamtafuta fundi, akasimama pale hadi lilipofungwa, akalivuta na kulisukuma mara kadhaa. Mwenye nyumba alitoka akasema angelifanya yeye. Mama akamjibu asante, limeshakwisha.

Siku hiyo hiyo alipokea 270,000 za Aprili, Mei na Juni.

Binti sasa ana chumba kimoja Soweto, 50,000 kwa mwezi, choo cha nje. Wamelipa miezi sita. Safari hii mkataba una jina lake, na mama aliusoma mwenyewe mstari kwa mstari, miwani puani, huku mwenye nyumba akisubiri mlangoni. Aliomba kiongezwe kifungu: mpangaji akilazimika kuondoka, atoe notisi ya mwezi mmoja na arudishiwe miezi ambayo hajaikalia. Mwenye nyumba alicheka, akasema tangu aanze kupangisha hajaombwa kitu kama hicho. Wakavutana, wakaishia kwenye notisi ya miezi miwili, na urudishaji pale tu chumba kitakapopata mtu mwingine. Kikaandikwa kwa mkono pembeni ya fomu, wote wawili wakaweka sahihi hapo hapo pembeni.

Wasichana hawa wawili wanasalimiana. Hawajarudi kuwa walivyokuwa, na wa Same ndiye anayepeleka habari huku na huku. Kati ya zile 90,000 za Machi, hadi mwisho wa Aprili zilikuwa zimeingia 40,000 kwa M-Pesa. Mama ameziandika kwenye kaunta buku, na binti ameambiwa asifute ujumbe.